Nilipuliziwa povu chini ya mabati, sasa nyumba inanuka samaki

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nyumba yangu iko Mikindani, Mombasa, imeezekwa mabati ya geji 30 miaka 14 iliyopita. Paa lilikuwa likivuja sehemu mbili, na joto la Januari halikuwa likivumilika. Februari akaja kijana na mashine, akapuliza povu la manjano chini ya mabati yote. Aliniambia litazuia joto na kuziba matundu kwa mkupuo mmoja. Joto limepungua kweli. Lakini tangu masika yaanze, silingi imetoa madoa ya kahawia mahali ambapo hapajawahi kuvuja, na ikifika saa saba mchana chumba cha watoto kinanuka kama samaki aliyelala. Mdogo anakohoa. Kijana anasema povu lilikuwa jembamba, niongeze tabaka la pili, atanipunguzia bei. Nikubali?
Mama wa Mikindani

JIBU: Marahaba, mama. Usikubali. Hata akikupa bure, usikubali.

Kwanza mtoto, paa baadaye. Mhamishe chumba leo, na ukimpeleka kwa daktari usiseme tu kwamba nyumba ina harufu. Sema kumepulizwa povu la poliyurethani, na utaje tarehe. Povu hilo hutokana na vimiminiko viwili vinavyokutana kwenye bunduki ya kupulizia. Kimoja kina aisosayaneti, ambayo mvuke wake unajulikana kuanzisha pumu, na kifua kikishaikataa mara moja, hata kiasi kidogo baadaye hukiamsha. Povu lililoiva sawasawa limeshaitumia yote. Harufu ya samaki yatoka upande wa pili, kwenye kemikali za amini zinazoharakisha povu kuumuka. Ikidumu miezi, mara nyingi maana yake mashine haikutoa vimiminiko hivyo nusu kwa nusu kama inavyotakiwa, na joto la mchana linaitoa ile iliyobaki.

Unaweza kuthibitisha mwenyewe. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti kutoka juu ya chumba hicho, kitie kwenye chupa ya jamu iliyooshwa vizuri, funga, uweke juani kwa muda wa saa mbili. Fungulia uani. Harufu ikikurukia, basi iko ndani ya povu lenyewe, na kufungua madirisha hakutaimaliza. Kipande kikinata kidoleni, kimiminiko kimoja kilizidi. Kikivunjika kama biskuti kavu, kilizidi kile kingine. Kwa vyovyote vile povu bovu haliponi kwa kufunikwa na povu jingine. Hilo la chini linaendelea kunuka, nawe umelipa mara mbili.

Sasa nije kwenye hilo la "kuziba matundu", maana ndilo linalofanya nipigiwe simu kila masika. Watu wazima, wenye kazi zao nzuri, wanaonyeshwa video kwenye simu: maji yanamwagwa juu ya kipande cha povu, yanateleza, basi pesa zinatoka. Mama, povu lako limepulizwa kutoka chini. Tundu liko juu. Msumari uliolegea bado umelegea, washa yake ya mpira iliyopasuka bado imepasuka, na mvua bado inaingia pale pale ilipokuwa ikiingia mwaka jana. Kilichobadilika ni kwamba zamani maji yalianguka moja kwa moja, ukaweka ndoo, ukajua. Sasa yakiingia yanakuta povu, hayawezi kushuka, yanatafuta njia kati ya povu na bati. Na bati la mawimbi limejaa mifereji. Maji yanateremka nayo mpaka yapate mahali povu lilipoachana na ubao, labda mita tatu mbele, ndipo yashuke kwenye silingi. Ndiyo sababu madoa yako yako mahali "ambapo hapajawahi kuvuja". Hapavuji, mama; pale ndipo maji yalipopata upenyo. Na ile kahawia ni kutu pamoja na rangi ya mbao.

Hilo si dogo. Kabla ya povu, bati likilowa lilikaushwa na upepo na jua, juu na chini. Sasa maji yamekaa mgongoni mwa povu pamoja na chumvi ya hewa yetu, na chumvi haiachi chuma kikauke. Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3 tu. Zinki ikishaliwa, halina akiba.

Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba moja Tudor. Mwenyewe alitaka nimwambie tu apake rangi gani kuficha doa. Nikapanda darini, nikaomba kisu cha kukatia boflo, nikakata dirisha la mraba kwenye povu, kama futi moja kila upande. Kipande kilitoka na kutu ya bati: upande wa juu wa povu ulikuwa na ngozi nyekundu ya kutu, laini kama unga wa mdalasini, na mwanga wa jua ukaingia kwa vitundu visivyohesabika. Nikaligusa pao lililopigiliwa bati kwa bisibisi. Bisibisi ikazama kama kidole kwenye boflo lililolowa chai. Nje, paa lile lilikuwa limepakwa rangi ya kijani na linapendeza. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu povu lipulizwe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi sijaona kitu kinachoficha uchi wa paa kama povu. Wala si kwamba povu lenyewe ni baya. Kuzuia joto linaweza sana. Bati tupu mchana wa kaskazi hupita nyuzi 60, na wewe mwenyewe umeona tofauti. Linahitaji paa zima, kavu, lisilovuja hata tone, na fundi anayejua anachokifanya. Anayekuuzia kama dawa ya kuvuja anakuuzia kitu ambacho sharti lake la kwanza ni kwamba pasiwe na mvujo.

Na ukavu huo hauangaliwi kwa macho. Aisosayaneti ikikuta maji huyashika yenyewe badala ya kushikana na mwenzake, inatoa hewa ya kaboni dioksidi, na povu linabaki na mapovu makubwa yasiyoshika ubao. Mbao huwa zinapimwa kwa kipima unyevu, na zikipita asilimia 19 hivi hazipulizwi. Muulize kijana wako zako zilisoma ngapi. Akikujibu "zilikuwa kavu tu, mama", umeshapata jibu. Muulize pia alipuliza kwa tabaka za unene gani. Povu gumu likiiva hutoa joto jingi, ndiyo maana halipulizwi zaidi ya sentimita 5 kwa pigo moja. Likizidi, katikati huungua na kugeuka kahawia, na kumewahi kuwaka moto kwa sababu hiyo.

Wapo watakaosema, mbona Wazungu wanatumia? Wanatumia, na wanajuta kwa sababu zao. Uingereza imefika mahali ambapo benki nyingi husita kukopesha kwa nyumba yenye povu darini, kwa kuwa mpimaji haoni hali ya mbao, na chama cha wapima majengo cha huko, RICS, kilitoa mwongozo kwa wenye nyumba mwaka 2023. Kisha wakazuka matapeli wengine wanaopita mlango kwa mlango kuwatisha wazee ili wawatoze pesa za kulitoa. Lakini unyevu wao na wetu ni vitu viwili. Kwao unatoka ndani, bafuni na jikoni, unapanda na kukutana na paa la baridi. Kwetu unatoka nje na kufuata ubaridi wa kiyoyozi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, siku ya kawaida kabisa Mombasa, huanza kutoa maji ikigusa kitu kilicho chini ya nyuzi 25. Na kiyoyozi watu wanakiweka 18! Kwa hiyo yule fundi aliyesoma mtandaoni kwamba lazima atandike nailoni upande wa chumbani chini ya kizuia joto, amechukua dawa ya Manchester akaileta Mtopanga. Mvuke unapita kutoka nje, unafika kwenye nailoni baridi, unageuka maji hapo hapo juu ya kichwa chako.

Usiku nao una yake. Bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Ukipita alfajiri utaliona limelowa bila mvua. Kama povu lako ni la aina laini, ile ukibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kama sponji, mvuke wa darini hupenya humo na kuwa maji chini ya bati. Na aina hiyo hunywa maji ya mvua pia, inabeba uzito, silingi haijui kitu mpaka siku inaposhuka. Gumu halinywi hivyo, ila linang'ang'ania bati kiasi kwamba kulitoa bila kuliharibu bati ni kazi kubwa.

Kwako wewe, basi. Subiri siku mbili tatu za jua. Tafuta mtu asiyeuza povu. Akate madirisha ya kuangalia, futi moja kwa futi moja: moja juu ya kila doa, moja juu kabisa karibu na kofia ya paa, moja chini penye gata, na lile la mahali palipokuwa pakivuja zamani asilisahau. Apige mbao kwa bisibisi na kuzipima unyevu. Kisha mmoja awe juu na mpira wa maji, mwingine darini na tochi, waanze kumwagia paa kutoka ukingo wake wa chini kwenda juu, sehemu moja baada ya nyingine, dakika kumi kila mahali. Wakianzia juu maji yatateremka kila mahali na hamtajua lolote.

Mabati yakikutwa mazima na kutu haijaanza, povu likwanguliwe, misumari ibadilishwe, paa liachwe likauke kabla hujafikiria kizuia joto kingine. Yakiwa yameliwa, yote yatoke pamoja na povu lake, nawe uezeke upya. Najua ni pesa nyingi. Ni chache kuliko za kubadilisha kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Ukiezeka upya, chagua bati la rangi nyeupe au ya maziwa, acha nafasi ya hewa kuingia chini ya paa na kutokea juu, na kama bado unataka kizuia joto, kilazwe juu ya silingi ambapo siku yoyote unaweza kukiinua uone kilicho chini yake.

Kulitoa ni kwa kisu na chuma cha kukwangulia, na jasho. Usimsikilize anayekuja na galoni ya "dawa ya kuyeyusha"; povu lililoiva haliyeyuki kwa kitu ambacho ungetaka kukipumua nyumbani kwako. Wanaolikwangua wavae barakoa za vumbi zinazobana, si kitambaa, na watoto wasiwepo. Mwite na fundi umeme. Waya uliozungukwa na povu pande zote kwa nusu mita au zaidi huhesabiwa kubeba nusu tu ya umeme wake, na waya wa shawa ya umeme, inayovuta zaidi ya ampea 20, mara nyingi hupita darini humo humo. Povu lililo wazi bila kufunikwa kwa bodi isiyoshika moto haraka, likiwaka, moshi wake una sumu ya sayanidi.

Wengine mnaosoma hapa na bado hamjapuliza, nawajua mtafanya nini. Mtasema la mashine ni ghali, mtanunua makopo dukani mzibe matundu wenyewe. Makopo yale ni ya kujazia mapengo ya fremu za milango. Povu lake likipigwa na jua hugeuka rangi ya chai, kisha unga, na kabla halijafika hapo limeshashikilia maji kuzunguka msumari kama pedi. Nimetoa makopo mangapi juu ya paa moja la Bamburi? Niliacha kuhesabu. Kando yake palikuwa na lami nyeusi, silikoni, kipande cha mpira wa tairi na mfuko wa unga wa ngano. Msumari wenyewe, wa shilingi chache, hakuna aliyekuwa ameubadilisha.

Mama, jambo moja la mwisho kabla hujamwita mtu wa skrepa. Mabati yako yakitoka na povu mgongoni, hakikisha limekwanguliwa kabla hayajapakiwa mkokotenini. Akiyachukua yalivyo, atayawasha moto mahali ili apate chuma kitupu, na mara nyingi mahali hapo ni uwanja ule ule watoto wanapochezea mpira jioni.