Maswali ya Wasomaji: Vyungu Vinavyolipuka na Rangi Isiyoshika

Barua nyingi za safari hii zimetoka vyuoni, kwa wanafunzi wanaosoma sanaa kama somo kuu na wengine kama somo la kuongezea. Kila swali limejibiwa na mwenye ufundi wake. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Shikamooni. Nasoma ualimu hapa Tukuyu. Kwa mradi wa muhula tulifinyanga vyungu tisa, tukavikausha siku nne chini ya vitanda bwenini, kisha tukavichoma shimoni kwa kuni na pumba. Haikupita robo saa vikaanza kulia kama fataki. Vimebaki viwili, na kimoja kina ufa kuanzia mdomoni. Wenzangu wanasema tuliacha hewa ndani ya udongo. Ni kweli?

Marahaba. Hewa imesingiziwa. Kiputo kikipata joto hutanuka, lakini udongo mkavu una vitundu vingi na hewa hiyo hupenya taratibu ikatoka. Kinacholipua chungu ni maji. Yakichemka hugeuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yenyewe. Kama katikati ya ukuta bado kuna unyevu, mvuke hausubiri kupenya, unabandua vipande. Hewa inalaumiwa kwa sababu ukuta wenye viputo mara nyingi ndio mnene, na ukuta mnene ndio unaochelewa kukauka.

Siku nne kwa Tukuyu ni chache mno. Mvua ya mwaka huko hupita milimita 2,000, na ukungu wa asubuhi hurudisha unyevu uliotoka jana yake mchana. Wiki inayotosha Dodoma haitoshi huko kwenu Rungwe. Kwa hiyo msihesabu siku, pimeni uzito. Chukueni mizani ya jikoni, pimeni chungu kilekile kila jioni na mwandike. Uzito ukigoma kushuka siku tatu mfululizo, kimekauka. Asiye na mizani akiweke shavuni: kikiwa cha baridi kuliko vitu vingine vya chumbani, maji bado yanatoka. Na chini ya kitanda hakuna upepo. Viwekeni juu ya chanja, mdomo umefunikwa kwa gazeti siku mbili za mwanzo ili usikauke kabla ya kitako, kisha vigeuzwe.

Kabla hamjatupa vigae, visomeni. Vipande vyembamba vya mviringo, vilivyobanduka upande mmoja kama magamba, ni kazi ya mvuke. Ufa mrefu unaoshuka kutoka mdomoni na wenye kingo kali ni wa kupoa ghafla: ama upepo uliingia moto ukiwaka, ama mlifukua mapema. Ufa wa kitakoni ulioanza hata kabla ya kuchoma maana yake kitako kilikuwa kinene, kikabaki nyuma wakati kuta zinakauka na kusinyaa. Barua yenu inaonyesha mmepata la kwanza na la pili kwa mpigo.

Sasa mchanganyiko. Pondeni vigae hivyohivyo hadi vifikie ukubwa wa chembe za sukari, mchekeche, mkande sehemu moja ya chengachenga kwa sehemu nne za udongo. Chembe hizo hupunguza kusinyaa na huacha vinjia vya mvuke kutokea. Ukuta uwe wa milimita 6 hadi 8, kitako kisizidi sentimita 1.

Siku ya kuchoma, saa mbili za mwanzo hakuna kuchoma. Pangeni vyungu kuzunguka moto mdogo, kwa umbali wa hatua moja, mkivigeuza na kuvisogeza kidogokidogo. Shikeni kioo cha kujitazamia juu ya mdomo wa chungu: kikipata ukungu, rudini nyuma. Kioo kikibaki kikavu na chungu hakishikiki kwa mkono mtupu, hapo ndipo mvipange shimoni: pumba kavu unene wa sentimita 10 chini, vyungu, vigae vikubwa vya kuvikinga na miali, halafu magunzi na kuni juu. Upande wa upepo uzibwe kwa bati. Vikiwaka wekundu wa kukolea gizani, mmefika. Acheni hadi kesho yake asubuhi, jivu lisiguswe. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema kwenye Ziwa Nyasa, huchoma uwanjani bila tanuri, na vyungu vyao vinauzwa hadi Mbeya mjini. Tatizo lenu si shimo.

Jaribio la mwisho: lowekeni kigae kimoja usiku kucha. Kikirudi kuwa tope, moto haukutosha, hata kama kwa macho kimependeza.

Nipo chuo Iringa, nachukua somo la batiki. Rangi yangu ya unga, ile ya kuchanganya bila kuchemsha, inatoka karibu yote nikisuuza. Mwezi wa pili ilishika vizuri, mwezi wa sita imekataa. Kitambaa ni kilekile na duka ni lilelile. Halafu nta inapasukapasuka ovyo.

Umejijibu nusu kwa kutaja miezi. Rangi za aina hiyo hushikamana na nyuzi za pamba kwa kemia, na kemia hiyo inataka joto la nyuzi 21 za Selsiasi kwenda juu. Ukiacha kitambaa usiku wa Juni kwenye sakafu ya saruji, rangi inalala tu juu ya kitambaa. Kesho unaiamsha kwa maji ya kusuuza, inaondoka zake.

Fanya hivi. Fua kwanza kitambaa kwa maji ya moto na sabuni ili kuondoa wanga wa kiwandani, kisha pika nta na uchore kama kawaida. Loweka kitambaa dakika 15 kwenye maji yenye soda ashi, ule unga mweupe wa kuifanya rangi ishike, vijiko vitatu vya chakula kwa lita. Usitumie soda ya kuokea mikate wala magadi ya maharage, ni dhaifu. Kamua kidogo, tia rangi, kisha funga kitambaa kikiwa kibichi ndani ya mfuko wa nailoni. Kikikauka, rangi inaacha kufanya kazi. Weka mfuko ndani ya boksi lenye blanketi pamoja na dumu la maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40 ili nta isilegee. Badilisha maji hayo kabla ya kulala. Saa 24, usipunguze.

Rangi iliyokwisha kuchanganywa na soda haiwekwi akiba. Baada ya saa chache inakuwa maji ya kupendeza macho tu.

Ukifanya yote na bado inatoka, shuku kitambaa. Choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Mchanganyiko wa pamba na poliesta hutoa rangi iliyopauka, na hauna dawa.

Kuhusu nta: mishumaa peke yake ni migumu, na asubuhi ya baridi hupasuka hata kwa kukunja tu. Changanya nusu kwa nusu na nta ya nyuki kama hutaki mipasuko. Ukiitaka kidogo kwa ajili ya ile mishipa mizuri, weka sehemu mbili za mishumaa kwa moja ya nta ya nyuki.

Lipo na jambo la nyanda za juu ambalo walimu wengi hawalisemi. Iringa na Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, siyo 100, kwa sababu ya mwinuko. Nta iliyo kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji haiwezi kupita hapo, na kuanzia kopo hadi kitambaa brashi inapoteza joto zaidi. Matokeo yake nta inaganda juu bila kuzama. Geuza kitambaa: nta iliyozama huonekana upande wa pili na kukifanya kipitishe mwanga, iliyokaa juu huwa nyeupe na kubanduka kwa ukucha. Tumia brashi nene inayotunza joto, iache ikae ndani ya nta, fanya eneo dogo kwa wakati mmoja, na funga dirisha. Wapo wanaokwepa shida kwa kubandika kopo moja kwa moja kwenye jiko. Sisi hatushauri. Nta ikianza kutoa moshi iko karibu kuwaka, na ikiwaka usimwagie maji hata tone. Ziba kwa mfuniko na uzime jiko. Wakati wa kuiondoa nta, chemsha kitambaa kwa sabuni, acha sufuria ipoe, uiengue ilivyoganda juu. Ukiimwaga kwenye sinki la chuo, wewe na fundi bomba mtafahamiana.

Nasoma uhasibu Mbeya, nimelazimika kuchukua uchoraji kujaza masomo. Siwezi kuchora hata mkono. Nifanyeje nisifeli? Na kwa nini mwalimu anadai daftari la michoro mibovu?

Tuanze na daftari, maana ndilo lenye alama za uhakika. Mwalimu anataka kuona ulikotoka: michoro kumi midogo ya wazo lilelile, majaribio ya rangi, maelezo kwamba hili liliachwa kwa sababu gani. Kila ukurasa uandike tarehe, usichane wala kufuta. Mwanafunzi anayeleta picha moja safi bila daftari humwachia mwalimu swali la kama ameichora yeye. Mhasibu hapaswi kushangaa kuombwa risiti.

Kuchora ni kupima. Nyoosha mkono, kiwiko kisikunjwe, fumba jicho moja, pima kwa penseli ukitumia kidole gumba kama alama. Kichwa cha mtu mzima huingia kwenye urefu wake mara saba hadi saba na nusu. Wanaoanza huchora kichwa kikubwa na miguu mifupi kwa sababu wanaangalia sura zaidi. Kwa mkono, usichore vidole, chora nafasi kati ya vidole. Macho hayana mazoea na nafasi hizo, kwa hiyo hayadanganyi. Dakika 20 kila siku zinazidi saa tatu za usiku wa kuamkia mtihani.

Mkaa wa kuchorea tunautoa wapi? Wa jikoni unakwaruza karatasi.

Tengenezeni. Vijiti vibichi vya unene wa penseli, vilivyomenywa ganda na kukaushwa, vipangwe vikibanana ndani ya kopo la maziwa ya unga. Toboa tundu moja dogo la msumari kwenye mfuniko, kopo liingie ndani ya moto. Tunduni utatoka moshi mweupe, kisha miali midogo. Vikiisha, toa kopo, ziba tundu kwa udongo, lipoe kabisa. Ukifungua likiwa la moto, hewa inaingia na unapata jivu.

Tunachapa fulana 40 za tamasha la chuo kwa skrini ya kitambaa cha pazia na karatasi iliyokatwa. Rangi inavuja chini ya karatasi, herufi zinanenepa.

Makosa ya kawaida ni matatu: rangi nyepesi, kuvuta mara nyingi, na skrini kulala juu ya fulana. Rangi iwe nzito kama mtindi. Gundisha vipande vya kadibodi kwenye pembe za fremu ili kitambaa kielee milimita 3. Kiguse fulana pale tu raba ya kuvutia rangi inapopita, kisha kiachie chenyewe. Raba iegemee nyuzi 45 hivi, uvute mara moja, mara mbili ukizidi sana. Kitambaa kiwambwe hadi kilie kama ngoma. Karatasi ya daftari italoa kabla ya fulana 40, kwa hiyo kata nakala mbili au tatu mapema, au tumia karatasi iliyopakwa nta. Mkisimama kula, skrini ioshwe kwanza. Rangi ya maji ikikaukia kwenye vitundu haitoki tena. Fulana zikikauka, zipigwe pasi ya moto bila mvuke kwa dakika tatu juu ya karatasi, na zisifuliwe kabla ya siku tatu.

Nataka kunakili michoro ya mwamba ya Igeleke, hapa Iringa, kwa kazi ya historia ya sanaa. Naruhusiwa kuweka nailoni juu ya mwamba nikafuatisha?

Usiguse. Usimwagie maji ili rangi nyekundu iwake, kama baadhi ya wageni wanavyopenda kufanya. Maji huyeyusha chumvi za mwamba, zikaja kuganda juu ya mchoro. Mafuta ya vidole nayo hubaki. Ulizia utaratibu wa kuingia kabla ya kwenda, kisha piga picha kamera ikiwa sambamba kabisa na mwamba, rula ikiwa kando ya mchoro bila kuugusa. Piga wakati mwamba wote uko kivulini, maana nusu jua nusu kivuli hufuta mistari hafifu. Kwenye simu ongeza ukolezo wa rangi, chapisha picha, ufuatishe mezani kwa karatasi ya nta. Andika kipimo pembeni ya kila nakala, pamoja na sehemu ambazo mwamba umebanduka, ili msomaji asidhani ni mistari ya mchoraji.