Milimita 9 au 12? Kupima mafuta ya mwili kwa wanafunzi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi. Tumepewa kalipa ya kupimia mkunjo wa ngozi. Nilimpima msichana wa miaka 9 nyuma ya mkono nikapata milimita 12. Mwenzangu akapata 9. Tushike ipi, na inasema nini kuhusu lishe yake?

JIBU: Mwalimu, huenda hamkupima mahali pamoja. Mafuta ya nyuma ya mkono hayalingani kutoka begani hadi kiwikoni, kwa hiyo msikadirie kwa macho. Mtoto akunje kiwiko nyuzi 90. Pimeni kwa tepu kutoka ncha ya mfupa wa bega hadi ncha ya kiwiko, mweke alama ya kalamu katikati, upande wa nyuma. Kisha anyooshe mkono na kuulegeza.

Shika ngozi pamoja na mafuta yake sentimita 1 juu ya alama, uvute hadi msuli ubaki nyuma. Ukiwa na shaka mwambie akaze mkono. Msuli ulionaswa utaponyoka vidoleni. Weka kalipa kwenye alama, achia kishikio chake chote huku vidole vikiendelea kushika mkunjo, soma baada ya sekunde 2. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukikawia, mafuta yanazidi kubanwa na namba inashuka. Kwa sababu hiyohiyo msirudie papo hapo. Pimeni mara tatu, mkiacha muda kidogo kati ya vipimo, mchukue namba ya kati. Msipime baada ya michezo, wala ngozi ikiwa na jasho au mafuta ya kupaka.

Milimita 3 si ndogo. Kanuni ya mtafiti Slaughter ya mwaka 1988, ya kukadiria asilimia ya mafuta ya mwili, kwa wasichana, hujumlisha mkunjo wa mkono na wa shavu la mguu, ikazidisha kwa 0.610, ikaongeza 5.1. Mguu ukiwa milimita 12, mkono wa 9 unatoa mafuta asilimia 17.9, wa 12, asilimia 19.7. Tena kanuni hiyo ilitokana na vipimo vya Marekani, basi msimwite mtoto mnene au mwembamba kwa asilimia hiyo peke yake.

Kuchuja darasa zima tumieni BMI kwa umri (uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe), chati za Shirika la Afya Duniani (WHO) za 2007: juu ya +1 SD (SD ni mkengeuko sanifu, hatua ya umbali kutoka katikati ya watoto wa umri huo) ni uzito uliozidi, juu ya +2 ni unene uliokithiri, chini ya −2 ni wembamba, naye apelekwe kituo cha afya. Kalipa ifuatilie mtoto yuleyule, mpimaji yuleyule, mkono uleule. Wasichana wapimwe na mwalimu wa kike, faraghani, na namba isitajwe mbele ya wenzao.