Ethanoli inaishia kwenye pampu badala ya chupa

Ndugu, unasema unaondoa ethanoli uliyolowekea majani, kwa ombwe la milibari 60 (yaani kanieneo, msukumo wa hewa, iliyopunguzwa kwa pampu), kondensa (kioo cha kupozea mvuke uwe kimiminika) ikipozwa na maji ya bomba ya nyuzi 28, na mvuke unakimbilia kwenye pampu. Pampu haina kosa. Kwa nyuzi 28 kanieneo ya mvuke wa ethanoli ni takriban milibari 90. Chini ya hapo mvuke hauwezi kuwa kimiminika, hata uongeze urefu wa kondensa.

Pandisha kanieneo hadi milibari 175. Ethanoli itachemka kwenye nyuzi 40, beseni la maji ya kuipasha joto liwe nyuzi 60. Pia zungusha maji ya barafu, maana nyuzi 28 bado ni joto mno.

Mvuke huo hushika moto: toa hewa ya pampu nje. Ukiona ufa kwenye kioo, simamisha kazi, mwite fundi wa maabara.