Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Kupiga Picha Uwanjani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga picha wa kujitegemea. Baada ya miaka kadhaa ya kupiga picha za michezo ya madaraja ya chini, kampuni moja ya picha imeniomba niifanyie kazi katika mashindano makubwa ya kimataifa. Imeahidi kunipatia kitambulisho cha uanahabari na malipo kwa kila mchezo, lakini mkataba wake hautaji saa za kazi, bima wala umiliki wa picha. Wenzangu wananiambia nisiulize mengi, kwani nafasi kama hii ni bahati. Hali ya kazi huko ikoje hasa, na nina haki ya kuuliza nini?

JIBU: Ndugu msomaji, una haki ya kuuliza yote matatu, na nakusihi uyaulize sasa, kwa sababu ukishavaa kizibao chenye namba na kuketi nyuma ya mabango ya matangazo, hutapata mtu mwenye nafasi ya kukusikiliza. Kupata bahati hakubadilishi ukweli kwamba unakwenda kufanya kazi, tena kazi nzito.

Mchezo wa soka una dakika 90, lakini siku ya mpiga picha haianzi kwa kipenga cha mwamuzi. Hufika uwanjani saa kadhaa kabla ili apite ukaguzi wa usalama, achukue tiketi ya mahali alipopangiwa, aunganishe waya wa mtandao na, ikiwa ameruhusiwa, afunge nyuma ya goli kamera atakayoiendesha kutoka mbali, kwa kuwa mchezo ukianza hawezi tena kuisogelea. Mchezo ukiisha hubaki akichagua picha, akiandika maelezo yake na kuzituma, kisha husubiri basi la wanahabari. Katika Michezo ya Olimpiki, ambayo huendelea kwa zaidi ya wiki mbili, mtu mmoja anaweza kupangiwa kuogelea asubuhi na riadha usiku, siku kwa siku, huku akibeba kamera mbili au tatu pamoja na lenzi ya milimita 400, ya kuvuta picha za mbali, ambayo peke yake ina uzito wa takriban kilo 3. Malipo ya kila mchezo huzifanya saa hizo zote zionekane kana kwamba hazikuwapo. Omba malipo ya siku nzima, na muda wa mapumziko kati ya kazi mbili uandikwe.

Uliza pia nani atahariri picha zako. Mashirika makubwa ya habari na picha kama AFP, AP, Reuters na Getty Images huwa na wahariri wanaopokea picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera, na picha ya goli huweza kuwafikia wateja ndani ya dakika chache. Anayejitegemea mara nyingi hufanya yote hayo mwenyewe, na hapo ndipo goli la pili hufungwa akiwa ameinamia kompyuta. Kampuni inayodai kasi ya mashirika hayo haina budi kukupa mhariri.

Kuhusu bima, mpiga picha huketi chini kabisa, na kupitia lenzi ndefu huona kipande chembamba tu cha uwanja, hivyo mpira au mchezaji anayemjia kwa ubavuni humfikia bila onyo. Julai 2018, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia jijini Moscow, wachezaji wa Kroatia waliokuwa wakishangilia goli la Mario Mandžukić walimwangukia Yuri Cortez wa AFP, naye akaendelea kupiga picha akiwa chini yao. Wachezaji walimwinua na tukio likaisha kwa furaha, lakini ningependa kila anayelisimulia ajiulize nani angelipa matibabu kama angevunjika mkono. Masharti ya kitambulisho mara nyingi humtaka mwenye nacho akubali hatari za mahali pa kazi, kwa hiyo bima ya mwili na ya vifaa inapaswa kutoka kwa aliyekutuma. Mvua pia ni hatari: sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, tarehe 26 Julai 2024, ilipigwa picha chini ya mvua kubwa. Kwa upande wa vifaa kuna nafuu kidogo, kwani kampuni za kamera za Canon, Nikon na Sony hufungua vituo vya huduma katika Michezo ya Olimpiki, ambako wapiga picha waliosajiliwa huweza kusafishiwa kamera, kutengenezewa na kuazimwa nyingine.

Umiliki wa picha ndio jambo ninalokuomba usilegeze. Katika nchi nyingi, hakimiliki ya picha ni ya mpiga picha wa kujitegemea mpaka atakapoihamisha kwa maandishi, na mkataba usiotaja jambo hili leo unaweza kuongezewa kifungu kesho, ukiwa tayari umeshafunga safari. Ipe kampuni leseni yenye muda na matumizi yaliyotajwa. Kumbuka kwamba kitambulisho chenyewe kwa kawaida huruhusu matumizi ya kihabari tu, hivyo picha ya mwanariadha haiwezi kuuzwa kwa tangazo la biashara bila ridhaa nyingine.

SWALI: Kwa nini wapiga picha hawaruhusiwi kuhama mahali walipopangiwa, hata mchezo unapohamia upande wa pili?

JIBU: Zipo sababu za usalama, za kutoziba macho ya watazamaji na kamera za televisheni, na za uchache wa nafasi, ambazo hugawiwa kwa kuanzia na mashirika makubwa na vyombo vya habari vya nchi zinazocheza. Naona utaratibu huo ni wa haki. Nisichokubali ni kumfunga mtu mahali pamoja kwa saa nyingi, juani au kwenye baridi, bila maji wala choo cha karibu. Mashindano makubwa huwa na msimamizi wa wapiga picha katika kila uwanja, na yeye ndiye wa kuombwa mambo hayo. Mwendeeni mkiwa kundi, wakati wa kugawa tiketi za nafasi, kabla watazamaji hawajaanza kuingia.