Shimo la Choo Lisilojaa

SWALI: Mhandisi, salamu. Mimi na ndugu zangu tunajenga loji ya vyumba 8 kwenye shamba la familia huko Kinondo, pembeni mwa msitu. Sola tumeshaweka, tutaajiri vijana wa kijijini, na kila mgeni atapanda mti. Kilichobaki ni maji taka. Fundi wetu amechimba shimo mpaka akatoboa uwazi ndani ya jiwe, anasema hilo halitajaa maisha. Mwingine anatuuzia unga wa kumwaga chooni. Eti unakula uchafu wote, hata ekzosta, lile gari la kunyonya choo, hatutaita. Wanakijiji wanateka maji kwenye kisima kilicho mita 40 hivi kutoka hapo. Tushike ushauri wa nani?
Msomaji, Kwale

JIBU: Si wa huyu wala wa yule. Mwambieni fundi asimamishe kazi leo, na shimo hilo lisipokee hata ndoo moja.

Hapa Mombasa naletewa swali hili kutoka Shanzu, Mtwapa, Tiwi, na kila mara linakuja na sifa ile ile: shimo halijai. Watu hulisema kwa furaha. Sasa, ndugu yangu, vyumba 8 vikimwaga maji kila siku na shimo lisijae, maji hayo yanakwenda wapi?

Yanakwenda kisimani. Pwani yetu kwa sehemu kubwa imekalia jiwe la matumbawe ya kale, lililojaa nyufa na mapango. Udongo husafisha maji taka kwa sababu unayachelewesha: yanapenya polepole kwenye chembe zenye hewa, vijidudu vinakwama na kufa njiani. Kwenye uwazi wa matumbawe hakuna cha kuyachelewesha. Zile mita 30 ambazo mafundi hupenda kuzitaja kati ya choo na kisima zina maana penye udongo. Kwenye jiwe lenu, mita 40 si kinga.

Kama mnaona natia chumvi, nendeni kisimani siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana. Fungeni fundo kwenye kamba ya ndoo pale maji yanapoanzia, mara moja bahari ikijaa na mara nyingine ikipwa. Visima vingi vya ukanda huu hupanda na kushuka pamoja na bahari. Ikiwa kujaa na kupwa kwa bahari kunafika mpaka kisimani kupitia jiwe hilo, choo chenu kitashindwa vipi? Na yanayopita kisimani hatimaye hutokea ufukweni, yakalisha mwani unaofunika matumbawe hai ambayo mgeni wenu amelipa nauli kuja kuyaona.

Wengine hunijibu kwamba wanakijiji watachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitreti inayotokana na mkojo na kinyesi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, inayobaki inazidi kukolea. Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo, kwa sababu naitreti huizuia damu yake kubeba oksijeni.

Kuhusu unga, kinyesi chenyewe kina bakteria tele wa kufanya kazi hiyo bila kununuliwa. Hakuna unga unaoliyeyusha tope lote likatoweka. Baadhi ya dawa hizo hulivuruga tope likatoka na maji, na mwenye choo akadhani limeliwa. Mwuzaji akija tena, mwombeni matokeo ya maabara ya maji yanayotoka kwenye tangi la mteja wake. Mimi bado sijaonyeshwa.

Cha kufanya ni hiki. Wageni 16 na wafanyakazi 8, kila mmoja lita 150 kwa siku, ni lita 3,600. Jengeni tangi la septiki la vyumba viwili, la lita 10,000 hivi, lisilovuja. Kabla ya kulifunika, lijazeni maji safi mlale. Asubuhi yakiwa yameshuka, fundi arudi kulipiga lipu upya. Maji ya jikoni yapitie kwanza kwenye kinasa mafuta. Kutoka kwenye tangi yaingie kwenye kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 60 na eneo la mita za mraba 70 hivi, kilichopandwa matete, na chini yake pawe na zege au plastiki nzito. Bila sakafu hiyo mtakuwa mmerudi kwenye shimo la fundi. Gereza la Shimo la Tewa lilijengewa mfumo wa aina hii, kwa hiyo msiambiwe ni mambo ya Ulaya. Yanayotoka mwishoni yamwagilie migomba, si mchicha. Na ekzosta mtaiita, kila baada ya miaka michache. Leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kutoa maji taka muifuatilie mapema, kabla ya mgeni wa kwanza.

Kuajiri vijana ni vizuri. Miti pia, ila msiwape wageni mwarobaini, unavamia misitu yetu ya pwani. Jirani yenu Kaya Kinondo ni miongoni mwa makaya, yaani misitu mitakatifu, ya Mijikenda yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na wageni hutembezwa humo na wenyeji wenyewe. Wazee wameutunza msitu huo kwa vizazi. Kuwalipa vijana wao mshahara huku mnaharibu maji ya mama zao si kuisaidia jamii. Nimeingia kwenye loji zenye sola juu ya paa na picha ya mbega langoni. Nikiuliza maji ya choo yanaishia wapi, meneja ananyoosha kidole chini.

Chukueni sampuli ya kisima cha kijiji sasa, kabla ya kufungua, ipimwe E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, na naitreti, na wazee wapewe nakala. Rudieni kila baada ya masika. Na mwenye loji yeyote kutoka Shimoni hadi Kilifi ambaye kwa miaka 10 hajawahi kuita ekzosta, asisubiri masika: kisima cha jirani yake kipimwe mwezi huu, kwa gharama yake mwenyewe.