Hiyo Idi ya Shelbyville mliyoisikia

Mwanangu, ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema hapo Kibokoni, Mombasa, mmeambiwa kwamba huku Shelbyville, Tennessee, kiwanda cha kuku kinafungwa Idi, watu wanakaa nyumbani wanakula pilau na mshahara unaingia, na mimi khalati yako nawaficha nafasi za kazi. Haya, sikiliza.

Habari hiyo mmeipata nusu, tena imechacha. Mwaka 2008 chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha Tyson cha hapa, ambako Wasomali walikuwa wengi, kilikubaliana na kampuni kwamba Idi ya Mfunguo Mosi iwe sikukuu ya malipo, na Siku ya Wafanyakazi, ambayo Marekani ni Septemba, iondolewe. Loo! Nchi nzima ikaja juu. Kamji ka watu elfu ishirini hivi, makao makuu ya kaunti ya Bedford, kakawa kwenye kila runinga. Na siku yenyewe waliyoigusa! Wikendi hiyo ndipo hapa hutawazwa bingwa wa farasi wa Tennessee, wale wa mwendo wa madaha, mashindano yaliyoanza 1939 na ndiyo fahari ya mji. Hazikupita siku nyingi kampuni ikairudisha Siku ya Wafanyakazi, na Idi ikabaki nyongeza ya mwaka ule mmoja tu. Ndiyo raha mnayoisimulia mpaka leo.

Mimi sifanyi kazi hapo. Kiwanda changu ni kingine, nje ya kaunti, na jina lake halikusaidii kitu. Kuku ni kuku. Kule mwanzo wanakotolewa matumbo, kanuni za serikali za 2014 ziliruhusu hadi kuku 140 kwa dakika kwenye mstari mmoja. Wote hao wanateremka kwetu sisi wa kutoa mifupa. Mkono wa kulia kisu, wa kushoto glavu ya waya, ndani yake ya pamba, juu yake ya mpira, na chumba kina baridi ya friji. Unakata kwenye kiungo cha bawa, unavuta kidari, unageukia mwingine. Asubuhi vidole havikunji. Chai naishika kwa viganja viwili. Na kuku hao mimi siwali, hawakuchinjwa kwa bismillahi. Wangu nawafuata Nashville, kwenye duka la Wasomali.

Lakini hata hayo nimeyazoea. Kinachonichoma ni swala ya Magharibi. Juni jua la hapa linazama saa mbili usiku, Desemba saa kumi na nusu jioni, na mapumziko ya zamu hayasogei. Kila baada ya wiki kadhaa nikambembeleze msimamizi upya, naye ananitazama kama mtoto anayetafuta kisingizio cha kutoka darasani. Mwezi jana ulisema saa hii, leo unasema ile? Nimueleze mambo ya jua huku nimeshika kisu! Siku nyingine ananipa dakika. Siku nyingine naswali kadha nyumbani, nanuka klorini. Idi ni mara mbili kwa mwaka, mwanangu. Hakuna kamera iliyowahi kuja kuulizia Magharibi.

Kamera hapa huja kwa ugomvi. Desemba 1934 umati ulitaka kumnyakua kijana mweusi aliyekuwa kizimbani. Askari wa jimbo wakamtorosha wamemvisha sare yao, na watu wakaichoma mahakama. Mwaka 2006 bingwa wa farasi hakutawazwa, kwa sababu wakaguzi wa serikali waliwatoa farasi wengi mashindanoni. Kuna wanaowapaka dawa ya kuunguza miguuni ili waiinue juu. Sheria ya kulinda miguu hiyo ipo tangu 1970. Mikono yangu bado inangoja mkaguzi wake. Oktoba 2017 wakaja wabaguzi weupe kupinga wakimbizi, sisi tukawafungia watoto ndani. Waliotoka kuwapinga wakawa wengi kuliko wao. Jirani yangu mzungu, mama mtu mzima anayefuga farasi, alinigongea mlango na sahani ya biskuti, akaniuliza kama nina haja ya kitu chochote dukani. Hilo nalo liseme hapo barazani.

Kwa hivyo usije. Usiuze kile kiwanja cha Bamba kwa sababu ya kuku. Lakini jina lako likitoka kwenye bahati nasibu ya grin kadi, usichezee, njoo, nitakupokea Nashville mwenyewe. Uje na cheti chako cha umeme na Kiingereza cha kujibizana na mtu. Mimi nilikuja huku kwa sababu niliambiwa kiwanda hakiulizi Kiingereza, na kweli hakikuuliza. Hela nitatuma Ijumaa kama kawaida. Usisikie watu wanaosema nimebadilika, na usiniombe simu mpya tena mwaka huu.

Na mjomba wako wa duka la vifaa vya umeme pale Mwembe Tayari, bado anatafuta kijana? Umemuuliza?