Jibu: Mwanangu wa kiume anataka vyombo vya jikoni vya pinki

Dada, mnunulie vyombo hivyo vya kuchezea bila wasiwasi. Umeuliza kama pinki ni rangi ya wasichana tangu zamani: hapana. Mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto huko Marekani liliandika kwamba pinki inawafaa wavulana kwa kuwa imekolea na ina nguvu, na buluu, iliyo laini, inawafaa wasichana. Mgawanyo wa leo ulishika baadaye, na wenye maduka wananufaika: mwenye binti na mvulana hununua baiskeli mbili badala ya kurithisha moja. Linaniudhi hilo, maana tunaolipa ni sisi.

Kinachonisumbua zaidi ni kilichomo ndani ya boksi la vitu vya kuchezea. La pinki lina pasi, sufuria na mdoli; la buluu lina bisibisi, nati na matofali ya kujengea. Anayekaza nati anazoeza vidole na akili, anayembembeleza mdoli anajifunza kulea. Mwanao atahitaji vyote. Jimbo la California huko Marekani limeutungia sheria mgawanyo huu: tangu 2024 maduka makubwa yenye wafanyakazi 500 au zaidi yanayouza vitu vya watoto lazima yatenge sehemu isiyobagua jinsia.

Shemeji akikataa, mkumbushe kwamba wapishi wengi wa hotelini ni wanaume.